"Terminate", "phase out" au "wind up": nitumie lipi kwa kitu kinachoondolewa polepole?

Mleta mada
Wakuu, habari zenu. Naombeni msaada, hasa nyie mnaotafsiri kila siku.

Kazini nilipewa taarifa niiweke kwa Kiingereza: "Tunasitisha mfumo wa zamani wa malipo." Nikaandika "We are terminating the old payment system." Siku hiyohiyo simu zikaanza kumiminika. Wateja wanauliza fedha zao ziko wapi, mbona hawakuambiwa mapema. Kumbe mfumo utaendelea miezi sita, watu wakihamishwa kidogo kidogo. Imeniuma sana kwamba watu wameingiwa na hofu kwa neno nililochagua mimi.

Sasa natakiwa kuandika upya. Kamusi inanipa "cease", "discontinue", "phase out", "wind up", "abolish", na yote kwa Kiswahili naishia kuyaita kusitisha au kukomesha. Mnayatofautishaje? Naomba kuwasilisha.

Mpenda Kamusi
Pole sana mkuu. Mimi naona tatizo lilianzia kwenye "tunasitisha" yenyewe. Kwetu neno hilo limebebeshwa mengi: mapigano yakisitishwa huenda yakarudi kesho, mkataba ukisitishwa mara nyingi ndiyo basi. Kiingereza kinatenganisha. Cha muda ni "suspend". Cha kukatwa moja kwa moja ni "terminate". Kabla ya kufungua kamusi, mrudie aliyeandika taarifa umuulize kitu kinakoma lini, na kama kitarudi.

Kwa hali yako, andika "phase out". Humo ndani mna "phase", neno lilelile wanalotumia kwa sura za mwezi, na mwezi haupotei usiku mmoja.

Kijani Daima
Naongezea hapo kwenye "phase out", maana hako ka "out" kana uzito. Mwaka 2021, kwenye mkutano wa tabianchi wa COP26 huko Glasgow, rasimu ilikuwa na "phase-out" kuhusu umeme wa makaa ya mawe. Dakika za mwisho India ikataka iwe "phase-down", na hivyo ndivyo andiko lilivyopitishwa. Mwenyekiti wa mkutano, Alok Sharma, aliomba radhi mbele ya wajumbe huku sauti ikimkwama. Neno moja tu! Lakini "out" inaahidi kwamba kitu kitaisha, na "down" inaahidi kupungua tu.

Kwenye gesi za majokofu ni hivyohivyo. Itifaki ya Montreal ya 1987, ile ya kulinda tabaka la ozoni, pamoja na marekebisho yaliyofuata, iliweka gesi za CFC kwenye "phase-out". Gesi za HFC, chini ya Marekebisho ya Kigali ya 2016 ya itifaki hiyohiyo, ziko kwenye "phase-down". Kwa hiyo mleta mada usije ukachanganya, wateja wakadhani mfumo wa zamani utabaki kidogo.

Wakili Mtulivu
"Wind up" iogope. Kampuni ikiwa "wound up" maana yake mali zinauzwa, madeni yanalipwa, na yenyewe inafutwa kwenye daftari. Ukiiandika kwenye taarifa, wadai watakuja mbio. "Wind down" ndiyo kupunguza shughuli taratibu, ingawa inakaa vizuri zaidi kwa biashara au mradi kuliko kwa mfumo.

"Abolish" iache kwa sheria, vyeo na desturi. Tena haisemi lolote kuhusu kasi. Sheria ya Uingereza ya 1833 ya kukomesha utumwa inaitwa Slavery Abolition Act, lakini wengi waliokuwa watumwa walilazimishwa kuendelea kuwatumikia mabwana walewale kwa jina la uanagenzi mpaka 1838. Tamko lilikuwa moja, uhuru ukachelewa.

Nesi wa Zamu
Sisi wodini tuna "taper". Mgonjwa aliyetumia dawa ya prednisolone kwa muda mrefu haachishwi ghafla, dozi inashushwa hatua kwa hatua. Neno linatokana na mshumaa mwembamba. Ila hilo ni la kiasi kinachopungua, sidhani kama litakufaa.

Mleta mada
Asanteni sana, nimejifunza mengi. Nimeandika hivi: "We will phase out the old payment system over six months. We will switch off it on 30 June." Iko sawa? Na "peter out" je, mbona nayo naiona kwenye magazeti?

Mpenda Kamusi
Sentensi ya kwanza safi. Ya pili, "it" ikae katikati: "switch it off". Na "phase it out" vilevile. Nomino inaweza kukaa nyuma, kiwakilishi hapana. Hiyo tarehe nimeipenda, kwa sababu "phase out" peke yake haimwambii mteja siku ya mwisho ni ipi.

"Peter out" ni kitu kufifia chenyewe, kama mazungumzo yanayokosa wa kuyaendeleza. Huwezi kuki-"peter out" wewe.

Mleta mada
Nimerekebisha, na bosi amepitisha. Nimemwomba pia tubadilishe ile ya Kiswahili, akakubali. Sasa inasomeka: "Tutauondoa mfumo wa zamani wa malipo hatua kwa hatua kwa miezi sita. Utazimwa Juni 30." Zote mbili zinatoka kesho asubuhi.