SAR na risasi za 7.62: zipi ziingie kwenye magazini, zipi ziwekwe kando?

MtunzaGhala_Manyoni

Wakuu, habari za jioni. Natunza silaha za askari wanyamapori huku kanda ya kati, zote SAR za Kichina (bunduki za SKS, zinazopiga risasi moja kwa kila mvuto wa kifyatulio) za magazini ya risasi 10. Ghalani kuna risasi za makundi matatu. Kwanza madebe ya zamani ya Kichina, moja limetobolewa na kutu. Pili, risasi mpya za kiraia, ganda la shaba, boksi limeandikwa 7.62x39 FMJ (yaani kichwa kilichofunikwa chuma). Tatu, mchanganyiko uliorudishwa kutoka doria, na humo baadhi zina ncha za rangi.

Nijuavyo kaliba (kipenyo cha risasi) ikiwa sawa basi, lakini SAR moja ikipakiwa hizo mpya imepiga mbili kwa kuvuta kifyatulio mara moja. Zile za zamani haikufanya hivyo. Tatizo ni bunduki au ni risasi? Na hizi za zamani nichambue vipi?

FunditaratibuDom

Mkuu, hiyo SAR itoe kwenye mzunguko leo hii, isipewe mtu.

Tatizo ni vyote viwili vikikutana. Pini ya kufyatulia ya SAR za Kichina haina springi ya kuirudisha nyuma, inaelea tu ndani ya bolti, kile chuma kinachofunga nyuma ya risasi. Kila bolti inapokwenda mbele na kufunga, pini nayo inasukumwa na mwendo ule na kugusa kidogo fataki, kile kikopo cha kulipulia kilichoko kitakoni pa risasi. Ndivyo ilivyoundwa. Risasi za kijeshi zina fataki ngumu, kwa hiyo mguso ule hauzilipui. Fataki za risasi za kiraia mara nyingi ni laini zaidi. Ukichanganya fataki laini na pini iliyoganda kwa grisi na vumbi letu hili la Dodoma, bolti ikifunga tu bunduki inafyatuka yenyewe, na inaweza kuendelea mpaka magazini iishe. Mbaya zaidi ni ikifyatuka kabla bolti haijafunga sawasawa: ganda linapasuka na gesi inatoka usoni kwa askari.

Kipimo ni rahisi. Toa risasi zote, hakikisha chemba (sehemu ya mtutu inapokaa risasi) ni tupu, fungua bunduki utoe bolti. Itikise karibu na sikio. Pini iwe inagonga mbele na nyuma, klik-klik, bila kusita. Ikikaa kimya, imekwama. (SAR chache za Kirusi za mwanzoni zina springi ya pini, hizo hazigongi, na ni sawa.) Halafu elekeza uso wa bolti juu, usukume pini kwa nyuma kisha uiachie: irudi yenyewe kwa uzito wake. Ikibaki imechomoza, hapo ndipo penye ugonjwa wako.

Gonga nje kile kipini kinachoizuia, toa pini, loweka vyote kwenye mafuta ya taa, sugua tundu lake kwa brashi nyembamba mpaka kitambaa kitoke cheupe. Kausha. Usiweke grisi humo ndani hata chembe. Grisi ndiyo inayokamata vumbi.

Kaliba_na_Kitako

Naongezea kwenye kaliba, maana neno "7.62" peke yake limewaponza wengi. 7.62x39, 7.62x51 na 7.62x54R ni risasi tatu tofauti kabisa. Namba ya pili ndiyo urefu wa ganda kwa milimita. Ya 54R ina ukingo uliochomoza kitakoni na ni ya bunduki kama PKM, ile ya rashasha. Ya 51 ni ndefu, haikai kwenye magazini ya SAR. Yako ni x39 tu: ganda milimita 38.7, risasi nzima karibu 56, kichwa cha kawaida gramu 8. Ukiona yoyote inayolazimishwa kuingia, acha. Usigonge bolti kwa kiganja.

Kitakoni pa risasi za kijeshi za Kichina utaona namba ya kiwanda juu na tarakimu mbili za mwaka chini. Andika namba hizo kwenye rejesta na usichanganye matoleo kwenye magazini moja, ili likitokea tatizo ujue limetoka debe lipi.

Rangi, kwa mpangilio wa Kirusi uliofuatwa na wengi: ncha isiyo na rangi ni ya kawaida. Ncha ya kijani inawaka njiani ikionyesha inakokwenda. Nyeusi yenye mstari mwekundu ni ya kutoboa chuma na kuwasha moto. Nyeusi yenye mstari wa kijani ni ya mwendo mdogo, na hiyo haizalishi gesi ya kutosha kusukuma pistoni, kwa hiyo SAR haitajikoki. Zote za rangi ziweke kando, lakini ile ya kijani na ile ya moto naomba uzikazie zaidi. Kati ya Agosti na Novemba nyasi za huko zimekauka kabisa, na risasi moja ya namna hiyo inaanzisha moto wa pori.

MtunzaGhala_Manyoni

Nimetoa bolti. Ya SAR ile iko kimya kabisa, pini imechomoza. Bolti nyingine zote zinagonga. Asanteni sana. Sasa zile za debe lililotoboka?

Babu_wa_Depo

Mwanangu, zichambue moja moja mchana kwenye mwanga, juu ya kitambaa cheupe. Weka pembeni yako moja nzima ya kulinganishia. Kutu inayofutika kwa kitambaa kikavu si neno. Iliyokula chuma mpaka ukucha unahisi shimo, itoe. Shingo yenye ufa, itoe. Kichwa kinachozunguka ukikishika kwa vidole, au kilichodidimia ukilinganisha na ile nzima, kitoe pia, maana nafasi ya baruti ikipungua shinikizo linapanda. Kisha pitisha kidole kitakoni: fataki iwe imezama kidogo au iwe sawa na kitako. Ikichomoza, kwa SAR hiyo ni hatari ileile aliyoieleza fundi.

Usizipake mafuta. Yanapenya kwenye fataki na kuiua. Zilizokataliwa usizifukie wala kuzichoma. Zihesabu, ziandike, zirudishwe polisi.

Askari wafundishwe na mlio. Ukisikia "puf" hafifu badala ya mlio kamili, simama, kichwa kinaweza kuwa kimebaki ndani ya mtutu. Risasi ya pili itaupasua. Toa zote, angalia mtutu toka upande wa chemba. Na risasi isipolia kabisa, mtutu ubaki umeelekea salama sekunde 30 ndipo ufungue.

FunditaratibuDom

Babu amemaliza, ila kuna chumvi. Chukulia kwamba fataki zote za zamani za kijeshi zina chumvi inayobaki mtutuni baada ya kupiga. Mafuta ya bunduki hayaiyeyushi, maji ndiyo yanaiyeyusha. Siku hiyohiyo mimina lita moja ya maji ya moto kutokea upande wa chemba, osha pia pistoni, bomba la gesi na uso wa bolti, kausha vizuri, ndipo upake mafuta membamba. Kiangazi kutu itachelewa, lakini kuanzia Desemba mvua zikishuka utaiona asubuhi yake.

Ile SAR ukishaisafisha, ijaribu uwanja wa shabaha kwa kupakia risasi mbili tu za kijeshi kwenye magazini, mtutu ukiwa kwenye tuta la udongo. Ikipiga mbili tena na pini inagonga vizuri, basi shida iko kwenye kundi la kifyatulio. Hapo usipige tupa mwenyewe, ipeleke kwa fundi wa silaha mwenye kibali. Zile mpya za shaba usizigawe mpaka bolti zote zipitie mafuta ya taa.