MJADALA: Bandari za Ziwa Victoria zifungiwe hesabu zao, au ziendelee kula kapu moja na Dar?

Mpokea Mzigo, Igogo

Wakuu, heshima kwenu.

Mwaka wa fedha unafungwa Juni 30, na kila ukifungwa tunasikia kwamba bandari zimevunja rekodi, tani zimepanda, mapato yamepanda. Juni 2024 TPA, yaani Mamlaka ya Bandari, ilikabidhi serikalini gawio la zaidi ya Sh150 bilioni. Ni fedha nyingi, na waliozitafuta wanastahili pongezi. Mimi nauliza kama mtu wa kanda ya ziwa: ndani ya fedha hizo Mwanza iko wapi? Imechangia, au imebebwa?

Nimekulia Igogo, jirani na bandari ya Mwanza Kusini. Utotoni tulikuwa tunasimama kwenye miamba kuangalia mabehewa yakisukumwa taratibu kuingia tumboni mwa MV Umoja. Behewa limepakiwa Dar, linaingia melini na mzigo wake, hakuna aliyeshusha gunia hata moja, linatokea Port Bell, mlangoni mwa Kampala. Meli ile inabeba tani 1,200. Piga hesabu: ni malori 40 ya tani 30 ambayo hayajakanyaga lami. Ikaja miaka ya kukaa bila safari hizo, hadi 2018 zikaanza tena. Hivi leo ukiniuliza biashara ile inaingiza nini kwa mwaka na inatumia nini, siwezi kukujibu, wala jirani yangu anayefanya kazi ya kubeba mizigo pale hawezi. Tunachopata ni jumla ya nchi nzima.

Hoja yangu: Mwanza Kaskazini, Mwanza Kusini, Nansio, Musoma, Kemondo na Bukoba zifungiwe hesabu zao kama familia moja ya ziwa. Tani zilizopita, abiria waliopita, shilingi iliyoingia, shilingi iliyokwenda kwenye mishahara, matengenezo na umeme. Zibandikwe getini, kwa Kiswahili, kila mwenye kulipa tozo azisome. Na kinachobaki kibaki ziwani, kijenge ziwani. Karibuni.

Mhasibu, Nyegezi

Kaka, sehemu ya kwanza ya hoja yako naiunga mkono. Sehemu ya mwisho itakuumiza wewe mwenyewe.

Kwanza tutenganishe mambo, maana watu wengi wanayachanganya. TPA ni mwenye gati, ghala na geti. Meli za serikali ni za kampuni nyingine, ile tuliyoizoea kwa jina la MSCL na sasa inaitwa TASHICO. Usimamizi wa usalama na leseni za vyombo uko TASAC, wakala wa serikali wa usafiri wa meli. Kwa hiyo nauli ya MV Victoria kwenda Bukoba si mapato ya bandari. Bandari inapata ada ya abiria, tozo ya gati, ada ya kupakia na kupakua, na hifadhi ya mzigo ukilala. Basi. Meli ikilala, bandari nayo imelala hata kama gati ni jipya.

Sasa kapu. Mradi wa kuboresha bandari ya Dar es Salaam ulioanza 2017 ulikadiriwa dola milioni 421, na kati ya hizo milioni 345 ni mkopo wa Benki ya Dunia. Gati namba 1 hadi 7 ziliimarishwa na kuchimbwa kufikia kina cha mita 14.5. Kwa nini Dar inakopesheka? Kwa sababu ina mzigo wa nchi nzima pamoja na Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi. Gati za ziwa zilizoingia kwenye matengenezo miaka hii, Mwanza Kaskazini, Kemondo, Bukoba, zimepata fedha kwa sababu ziko chini ya mwavuli huohuo. Ukisema "kinachobaki kibaki ziwani", ujiandae na swali la pili: je, kisipobaki kitu? Nansio itajilipia taa zake kwa ada ya abiria wa Ukerewe? Ndugu yangu, utakuwa umeomba talaka ukiwa huna nyumba ya kwenda.

Dereva wa Fuso

Mimi nina machache. Juni 19, 2025 daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa, kilomita 3 juu ya maji. Zamani pale nilikuwa nalala foleni, na gugu maji likijaa kivuko hakitoki. Sasa navuka kwa dakika chache. Mzigo wangu wa ndizi kutoka Muleba unapita Biharamulo na Geita, asubuhi niko Mwanza, nashusha mlangoni kwa mteja. Hesabu mtaka kufunga, zifungeni, ila mjue mteja wa bandari ameshahama na mimi ndiye niliyembeba.

Mama Dagaa, Mwaloni Kirumba

Shikamooni wakubwa, marahaba wadogo zangu.

Mnaongea tani za Uganda, mimi niwaletee gunia. Dagaa wangu wanatoka Goziba na visiwa vya upande wa Ukerewe. Wanakuja kwa boti ya mbao, usiku, wamefunikwa turubai, na boti inafunga mwaloni. Hapo hakuna kreni wala ghala la bandari. Kijana anaingia majini hadi kiunoni, gunia kichwani, anapanda ubao uliolowa, analitua kwenye mizani. Wanunuzi wako pale wanasubiri, wengine wametoka Kongo. Ukihesabu magunia yanayotua hapa alfajiri moja utashangaa kwa nini watu wanasema ziwa halina mzigo.

Mzigo upo. Umekwepa geti tu, na mimi nawaambia kwa nini, maana nimejaribu njia zote mbili.

Msimu mmoja wa mvua niliamua kupitisha magunia 80 kwenye gati rasmi moja la mwambao huu, silitaji. Nilitaka karatasi safi nipate mkopo wa biashara. Boti ilifika saa kumi na moja alfajiri. Nikaambiwa namba ya malipo itatoka ofisi ikifunguliwa. Ofisi ikafunguliwa, mtandao haupo. Mtandao ukarudi saa tano, aliyetakiwa kuhakiki mzigo katoka. Saa nane mvua ikashuka. Turubai lilikuwa moja, magunia 80. Anayejua dagaa anajua: wakilowa wanabadilika rangi, harufu inageuka, mnunuzi wa chakula cha watu anaondoka na anayebaki ni wa chakula cha kuku, kwa bei yake. Nilikaa juu ya gunia nimeshika kona ya turubai kwa mikono miwili mpaka vidole vikafa ganzi. Tozo yenyewe haikuwa kubwa. Kilichonila ni zile saa tisa.

Kwa hiyo mkizifunga hizo hesabu, ongezeni safu moja: mzigo wa siku umekaa saa ngapi kabla ya kutoka. Hiyo safu ndiyo itakayowaeleza kwa nini bandari bubu, hizi zisizo rasmi, haziishi. Watu wanasema bandari bubu ni wakwepa kodi. Wapo, siwatetei. Lakini wengi wetu tunakwepa mvua.

Mpokea Mzigo, Igogo

Mama, marahaba, na pole. Hiyo safu ya saa sikuwa nimeiwaza kabisa. Naichukua.

Kijana wa Capri Point

Mbona tunazunguka? Wapewe watu binafsi. Dar imefanya hivyo na dunia haikuisha. Oktoba 2023 DP World ya Dubai ilisaini kuendesha gati 0 hadi 7 kwa miaka 30, na mwaka uliofuata Adani wa India wakaingia gati 8 hadi 11. Tena mkumbuke makubaliano yale ya Tanzania na Dubai ya 2022, yaliyopita bungeni Juni 10, 2023, jina lake lilitaja bandari za bahari na za maziwa. Maziwa yalikuwemo mezani. Mikataba iliyosainiwa baadaye ikabaki Dar.

Mhasibu, Nyegezi

Ilibaki Dar kwa sababu mwekezaji naye anasoma hesabu, mdogo wangu. Dar alikuta foleni ya meli inamsubiri. Hapa atakuta gati linalosubiri meli. Kabla ya kumwita mgeni lazima tuwe na kitabu cha kumwonyesha, la sivyo bei ataipanga yeye. Ndiyo maana nilisema sehemu ya kwanza ya hoja ya kaka wa Igogo naiunga mkono.

Baharia Mstaafu

Wajukuu zangu, nimewasoma wote. Niongeze jambo ambalo sijaona mtu akiligusa.

Umoja na dada yake Uhuru zilijengwa katikati ya miaka ya 1960 kwa kazi moja: kuunganisha reli ya ukanda wa kati na ile ya Kenya na Uganda kupitia majini. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, Umoja ikabaki kwetu, Uhuru ikabaki Kenya. Nguvu ya zile meli ilikuwa upana wa reli. Mwanza, Port Bell, Jinja, Kisumu, kote reli ni ya mita 1, na sitaha ya Umoja imetandikwa reli ya mita 1. Behewa linateleza tu.

Sasa inajengwa SGR, reli mpya ya kisasa, ya Mwanza–Isaka, kilomita 341, jiwe la msingi liliwekwa Juni 2021. SGR upana wake ni mita 1.435. Behewa la SGR halipandi Umoja. Halipandi! Likifika Mwanza lazima mzigo ushushwe, upangwe, upakiwe upya kwenye chombo kingine. Hiyo ni kazi ya bandari hasa: yadi ya makontena, kreni za kutosha, ghala, na meli ya kubeba makontena badala ya mabehewa. Mambo hayo hayajengwi kwa ada ya abiria wa Nansio, hapo namuunga mkono mhasibu. Lakini pia hayatajengwa kama hesabu za ziwa zimezama ndani ya hesabu za Dar, kwa sababu hakuna atakayeona kwamba hapa kuna pengo.

Na maji nayo yanataka fungu lake. Mwaka 2020 na tena 2024 ziwa lilivuka kimo cha rekodi ya 1964. Gati lililojengwa kwa kimo cha zamani linaingia maji, njia ya abiria inazama, nguzo zinaliwa. Kule bahari wanachimba kina ili meli kubwa ziingie. Sisi tunapandisha gati kwa sababu maji yamepanda, mwaka mwingine yakishuka tunatafuta kina. Atakayeandika bajeti ya bandari ya ziwa kwa kunakili ya bahari atakosea kila mwaka.

Wenzetu wa Kenya hawajalala. Kisumu imekarabatiwa, na mafuta ya Uganda yanapita majini kutoka huko.

Mzaliwa wa Ukara

Nimesoma kimya mpaka hapa, nimeona neno "faida" na "kujilipia" mara nyingi. Naomba niseme.

Septemba 20, 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia Bwisya, kisiwani kwetu Ukara. Kilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101. Waliokufa ni 228. Niliona kwa macho yangu kitumbo cha kivuko kimegeuka juu, watu wamesimama juu yake wanagonga chuma kusikiliza kama kuna anayejibu kutoka ndani. Na miaka 22 kabla ya hapo, Mei 21, 1996, MV Bukoba ilizama ikiikaribia Mwanza na watu mamia kwa mamia. Waliofiwa katika ajali zote mbili mnawajua, wako katika kila ukoo wa kanda hii.

Chombo kikijaa kupita kiasi, mahali pa kukizuia ni gatini, kabla kamba haijafunguliwa. Inatakiwa lango moja, mtu wa kuhesabu, na mtu mwenye mamlaka ya kusema "hakitoki" watu wakimzomea siku ya mnada. Watu hao ni mshahara. Lango ni gharama. Gati la kisiwani halitalipa gharama hiyo kwa tozo zake hata miaka 50 ijayo, na mtu akija na kitabu kinachosema gati fulani lina hasara, kitu cha kwanza kitakachokatwa ni yule mhesabu. Ndiyo hofu yangu na hesabu zenu.

Mpokea Mzigo, Igogo

Ndugu yangu wa Ukara, pole. Mjomba wangu alikuwa ndani ya MV Bukoba, kwa hiyo sikujibu kama mtu wa pembeni.

Nabadilisha hoja. Ile sentensi ya "kinachobaki kibaki ziwani" naifuta, mhasibu amenishinda kwa haki. Kapu libaki moja. Dar ibebe Nansio kama ilivyo, na iandikwe wazi kwamba inaibeba, kwa shilingi ngapi, kwa sababu ya usalama, ili asitokee mkubwa akaita hasara na kuifyeka. Lakini hesabu za ziwa zisomeke peke yake: mapato na matumizi ya kila gati, saa za mzigo kukaa kama alivyosema mama, idadi ya abiria waliohesabiwa getini kila safari, na ukurasa mmoja wa mpango wa siku SGR itakapofika Mwanza Kusini na mabehewa yasiyopanda Umoja. Bunge linapokea ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kila Aprili. Wabunge wa Mwanza, Mara, Geita na Kagera wakiomba ukurasa huo kwa sauti moja, sioni wa kuwakatalia.

Dereva wa Fuso, wewe sikupingi. Ila lori lako likibeba ndizi na siyo kontena la Kampala, barabara ya Geita itadumu zaidi, na wewe ndiye utakayefaidi.

Dereva wa Fuso

Hapo sawa. Makontena yaende majini, mniachie ndizi.

Mama Dagaa, Mwaloni Kirumba

Na paa. Andikeni paa kwenye huo ukurasa, wanangu. Kabla ya kreni, paa pale magunia yanaposubiri.