Gumzo la Ukoo: Kabla Hamjashusha Injini

Mjomba Salehe: Asalaam aleikum wanangu. Gari langu, Toyota IST, lilichemsha jana jioni natoka Muheza, hapo karibu na Pongwe, nikazima nikasubiri ipoe nikaongeza maji nikafika nyumbani. Leo asubuhi moshi mweupe na inamisi, haiwaki sawasawa. Fundi kasema injini imekufa ishushwe tutafute nyingine

Dada Rehema: Waaleikum salaam, shikamoo mjomba, pole jamani. Injini nyingine na ada za watoto hizi??

Hamadi Fundi: Shikamoo mjomba. Kafungua nini mpaka akajua imekufa?

Mjomba Salehe: Marahaba. Hajafungua kitu, kasikiliza mlio tu

Hamadi Fundi: Basi usikubali, na usiiwashe tena tafadhali. Kama maji yameingia kwenye silinda ukapiga stata, maji hayashindiliki kama hewa, unapinda konrodi, kile chuma kinachoshika pistoni, hapo hapo. Nakuja baada ya alasiri na kamera ya waya

Shangazi Mwanaidi: Kamera itaona nini Hamadi, injini si chuma kimezibwa kote

Hamadi Fundi: Shikamoo shangazi. Ni kamera nyembamba iko ncha ya waya, milimita 5 na nusu, ina vitaa vyake, picha inakuja kwenye simu. Tundu la plagi ni la milimita 14 kwa hiyo inapita. Natoa koili za kuwashia plagi, napuliza vumbi kwanza maana mchanga ukidondokea ndani ni ugonjwa mwingine, natoa plagi, nashusha kamera mpaka juu ya pistoni. Hata injini za ndege zinachunguliwa hivyo hivyo bila kufunguliwa

Omari Dar: Kaka usisahau kile kioo cha kupachika mbele, bila kioo ukuta na valvu huvioni vizuri

Hamadi Fundi: Kioo hapana Omari. Kikichomoka kikabaki ndani ndo tutafungua hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda, kwa kukitafuta. Yangu ina kamera ya mbele na ya pembeni

Shangazi Mwanaidi: Marahaba mwanangu. Uje ule kwanza, nna samaki wa kupaka

*(saa 12 jioni)*

Hamadi Fundi: [picha] [picha] [video]
Jamani angalieni. Silinda ya 1, 2 na 4 pistoni nyeusi, masizi makavu, hiyo ni kawaida kwa gari iliyotembea. Sasa ya 3 ilivyo nyeupe, imesafishika inang'aa, hayo ni maji yanaingia yanageuka mvuke yanaosha masizi. Nikajaza presha kwenye rejeta kwa pampu ya kupimia, nikakaa kama nusu saa nikachungulia tena, video inaonyesha tone linavyoteremka

Mjomba Salehe: Na hiyo mistari kwenye ukuta? Mi nimeona mitaro kabisa roho ikanitoka

Hamadi Fundi: Hiyo inayokatizana kama mkeka ni ya kiwandani mjomba, kazi yake kushika oili, ikionekana bado ujue ukuta mzima. Ya kuogopa ni mikwaruzo iliyonyooka juu mpaka chini, gari likichemsha sana pistoni inatanuka inasugua ukuta. Hapa uko mmoja mwembamba silinda ya 2, na kamera inakuza kila kitu, hata unywele unaonekana kamba, ndo maana watu wanauziwa injini kwa picha tu. Nilizungusha krenki, ile shafti inayopandisha na kushusha pistoni, kwa spana, plagi zote nje, kila pistoni ikashuka chini nikaona ukuta wote

Omari Dar: Kwa hiyo ringi, zile pete za pistoni, nzima?

Hamadi Fundi: Ringi kamera haizioni, zimejificha ubavuni mwa pistoni. Kesho napima kompresheni, yaani silinda inavyoshindilia hewa, ya 3 itakuwa chini tu. Zile nyingine zikiwa chini naongeza oili kidogo napima tena, ikipanda ndo ringi. Ila kwa ninavyoona ni gasketi ya hedi, ile ya kuziba kati ya hedi na silinda, injini haishuki, inavuliwa hedi tu inapelekwa kupimwa kama imepinda

Dada Rehema: Alhamdulillah 🙏🙏 nimemtumia mjomba elfu hamsini ya kuanzia, wengine msikae kimya

Shangazi Mwanaidi: Na mimi natuma kesho in shaa Allah

Mjomba Salehe: Mungu awabariki wanangu. Hamadi, sasa kilichochemsha ni nini?

Hamadi Fundi: Feni ya rejeta. Nimeipa umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri haizunguki kabisa. Ibadilishwe kabla ya gasketi mpya kufungwa, la sivyo inaungua na hiyo. Mjomba usinunue bila mimi, nakupitia saa 3 asubuhi twende wote Ngamiani