Kisukari na mazoezi: misuli inatoa dawa kweli?

Fundi Kanzu:
Salaam wanajukwaa. Nina miaka 52, fundi cherehani, nimekaa kwenye kiti hikihiki tangu 1998. Mwezi wa tatu nimepimwa, nina kisukari aina ya pili. Daktari kaniandikia metformin, vidonge vya kushusha sukari, akasema "na mazoezi ufanye", akamwita mwingine. Sasa binti yangu anayesomea uuguzi ananiambia kuna profesa wa Denmark, Bente Klarlund Pedersen, aliyeonyesha kwamba misuli ikifanya kazi hutoa dawa yake yenyewe. Mimi nilidhani mazoezi ni ya kupunguza kitambi tu. Anayelijua hili naomba anieleze taratibu.

Fizio Mstaafu:
Pole ndugu yangu. Binti yako kakwambia kweli. Nimefanya fiziotherapia miaka 29, na kazi za mama huyu ndizo zilizobadilisha namna ninavyosema na wagonjwa.

Ni daktari wa magonjwa ya kuambukiza, Copenhagen. Mwaka 2000 yeye na wenzake waliwakalisha watu, mguu mmoja ukafanya kazi ya kunyoosha goti saa tano, mwingine umetulia. Wakapima damu inayoingia na inayotoka kila mguu. Mguu uliofanya kazi ulikuwa unamwaga interleukini-6, kemikali ya kupeleka ujumbe mwilini, kwenye damu, uliotulia hapana. Baadaye vitu hivi vinavyotolewa na misuli wakaviita mayokini.

Kwa nini ikuhusu? Kwenye kisukari, kinga ya mwili huwa inawaka chinichini, kama mkaa uliofunikwa jivu, na moto huo huizuia insulini, homoni ya kushusha sukari, isifanye kazi yake. Mwaka 2003 waliwadunga vijana wenye afya sumu kidogo ya bakteria. Walipokuwa wamepumzika, TNF, kemikali ya moto huo, ilipanda. Walipokuwa wakiendesha baiskeli haikupanda, yaani misuli ikifanya kazi huuzuia moto huo. Nilipoisoma niliirudia mara mbili.

Na kukaa nako kuna madhara yake. Vijana waliozoea hatua kama 10,000 kwa siku waliambiwa wapunguze hadi 1,500 hivi. Wiki mbili tu, insulini yao ikadhoofika na nyama ya miguu ikapungua. Wewe una miaka mingapi kwenye kiti?

Lenga dakika 150 kwa wiki za kutembea haraka, uweze kuongea lakini usiweze kuimba. Metformin usiiache.

Mama Wawili:
Naongeza. Mama yangu anatumia insulini, alitembea asubuhi kabla ya kunywa chai, akaanza kutetemeka na jasho jembamba mbele ya duka la mpemba. Sukari ilishuka. Wewe wa metformin peke yake hatari hiyo ni ndogo, ila ukiongezewa dawa nyingine, muulize daktari kwanza na utembee na pipi mfukoni. Na kandambili hapana! Vaa viatu vya kufunika, ukirudi kagua nyayo, hata katikati ya vidole.

Fundi Kanzu:
Mungu awalipe. Hakuna aliyewahi kunieleza hivi. Leo pasi nimeihamishia ukuta wa pili, kila mshono ukitaka kupigwa pasi lazima ninyanyuke. Baada ya chakula cha mchana nimetembea mpaka msikitini na kurudi, dakika 22. Mapaja yanauma, na kwa mara ya kwanza maumivu yamenifurahisha.