Nani humleta mchezaji chuoni: kocha mkuu au msaidizi?

Swali: Kwenye kikapu cha vyuo vya Marekani, sifa za usajili apewe nani?

Jibu 1: Msaidizi ndiye huanza: kutazama vijana kwenye mechi za Julai, simu kwa wazazi, kuongea na kocha wa sekondari. Mkuu huja kufunga mazungumzo, maana dakika za kucheza anagawa yeye. Akichelewa, kazi yote ya msaidizi inayeyuka.

Jibu 2: Angalia wanaohama. Kocha mkuu John Calipari alipotoka chuo cha Kentucky kwenda Arkansas 2024, wachezaji D.J. Wagner na Adou Thiero walimfuata. Ila msaidizi wake Chin Coleman naye alihama, kwa hiyo usikimbilie kumsifu mkuu peke yake.

Jibu 3: Msihesabu wasaidizi kwa vichwa. Wawili wa ziada kwa kila timu walioongezwa 2023 na NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, waliruhusiwa kufundisha tu, si kusajili nje ya chuo.