Nyundo ya kinu cha upepo kwenye Vintage Story: tupeane uzoefu

Ndugu zangu mnaocheza Vintage Story, ule mchezo wa kompyuta wa kuchimba, kulima na kujenga, hapa Uganda, nawaona wengi wakifika hatua ya chuma na kukata tamaa. Bonge la chuma linatoka tanurini limejaa mavi ya chuma, yaani takataka zake, na ukilifua kwa mkono ni pigo juu ya pigo mpaka upate mkuo mmoja, kipande cha chuma safi. Hapo ndipo nyundo ya kinu inapofaa. Matanga yanazungusha mhimili, vijino vya mti vilivyo kwenye mhimili vinainua mpini, kisha nyundo inaangukia fuawe.

Yangu niliijenga juu ya kilima, mbali kidogo na nyumba, kwa sababu kwenye mchezo huu upepo huongezeka kadiri unavyopanda. Wanaojenga bondeni karibu na maji wanajinyima nguvu bure.

Ninachokipenda zaidi ni kwamba kazi haikuondoka, imehama tu. Nyundo inapiga yenyewe, lakini bonge likipoa halifuliki tena. Kwa hiyo sasa kazi yangu ni moto: mkaa uwepo, bonge la pili liwe linapata joto wakati la kwanza liko kwenye fuawe. Anayedhani atawasha kinu aende kuvua samaki atakuta chuma baridi.

Semeni na nyie. Mlijenga wapi, na imewasaidia nini?

*Wa Arua:*
Mimi nacheza na binamu zangu, kompyuta zimeunganishwa kwa rauta ya nyumbani. Kilichotuchelewesha ni kitani, chuma kilikuwa tele. Rota, ile sehemu ya kinu inayoshika matanga na kuzunguka, inataka matanga manne kwa kila hatua, na hatua zenyewe ni tano, na kila tanga ni nguo ya kitani uliyoilima, ukaisokota na kuifuma mwenyewe. Kaka yetu mkubwa alitaka wote tushuke mgodini. Dada mdogo akakataa, akasema shamba kwanza. Tulimsikiliza yeye. Mpaka leo sehemu nzuri ya shamba letu ni ya kitani, na nafaka zimesogezwa pembeni.

*Mtoto wa Katwe:*
Nimekulia Katwe, Kampala, katikati ya mafundi wa milango, majiko na mashine za kusaga mahindi. Chuma kinene hufuliwa na watu wawili: mmoja ameshika koleo, mwingine anapiga nyundo nzito. Wageni humtazama anayepiga kwa sababu ndiye anayetoka jasho. Lakini fundi ni yule wa koleo. Yeye ndiye anayesoma rangi ya moto, anageuza, anasema ongeza, anasema basi.

Ndiyo maana mchezo huu umenigusa. Nyundo ya kinu imechukua nafasi ya mpigaji, koleo limebaki kwako. Na jambo lenyewe ni la kale sana: China ya enzi za Han tayari ilikuwa na nyundo zinazoinuliwa kwa nguvu za maji, na Ulaya nayo ilizitumia karne nyingi kabla ya James Nasmyth kubuni nyundo yake ya mvuke mwaka 1839. Waliotengeneza mchezo hawakubahatisha.

*Wa Hoima:*
Asante, Mtoto wa Katwe. Huku Bunyoro uhunzi ni fahari yetu, majembe ya wahunzi wetu yalibebwa mpaka nchi za jirani. Swali langu: hiyo nyundo inafua jembe?

*Mwanzisha mada:*
Hapana, ndugu wa Hoima. Inageuza bonge kuwa mkuo, inafua bamba, na inasafisha ile feleji (chuma kigumu zaidi) ikiwa bado ghafi, yenye malengelenge. Jembe, shoka na kisu utavifua kwa mkono wako.

*Wa Hoima:*
Basi vizuri. Jembe lina umbo lake, lisiachiwe mashine.

*Wa Bombo:*
Msiipime kwa mabonge peke yake. Faida yake niliiona kwenye feleji. Unapanga mikuo 16 ya chuma kwenye tanuri la matofali yanayostahimili moto, unaifukia kwa mkaa, unawasha moto na kusubiri siku nyingi za mchezo. Inayotoka yote inahitaji kufuliwa tena, mmoja mmoja. Mzigo huo kwa mkono unachosha mpaka mtu anauacha mchezo. Mimi naupasha mafungu mafungu na kulisha nyundo.

*Wa Mbale:*
Wekeni klachi kwenye mhimili. Ule mlio usiku kucha wakati fuawe ni tupu, wa nini?

*Wa Kasese:*
Nina rota yenye hatua mbili za matanga. Naweza kuongeza nyundo ya pili kwenye mhimili uleule?

*Wa Arua:*
Unaweza, lakini upepo ukipungua zote mbili zitapiga kwa uvivu au zisimame. Dada anasema maliza matanga ya rota hiyo kwanza. Halafu angalia mkaa: nyundo mbili zinataka mabonge ya moto maradufu, na kama mnachoma mkaa kwa shimo moja tu mtaishiwa kabla ya jioni. Sisi tulichimba mashimo mapya na kupanda miti kando yake ndipo tukafunga ya pili.