Acheni wimbo wa "dogo apigwe benchi", kotabeki chipukizi hapimwi kwa ubao wa matokeo

Wakuu,

Kila Jumapili asubuhi jukwaa hili linageuka matanga. Mechi za mpira wa Kimarekani wa vyuo, za Jumamosi usiku kule Marekani, zinaisha huku kwetu kumepambazuka, na kabla watu hawajanywa chai nyuzi za kumlaumu kotabeki chipukizi (anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi) zimeshajaa: "dogo hana kitu", "kocha anambeba", "apigwe benchi aingie mwingine". Nimechoka. Katika nyuzi zote hizo hakuna hata mmoja anayesema dogo alikosea NINI. Alikosea miguu? Macho? Alisoma ulinzi wa wapinzani vibaya, au mlinzi wake wa kushoto kwenye laini (safu inayomkinga) alipitwa kama hayupo? Mnasoma matokeo, mnahesabu intasepsheni (pasi zilizonaswa na wapinzani), mnatoa hukumu.

Tuanze na chuo cha Clemson, maana kila mbishi humu anachota huko mfano unaomfaa na kuuacha ule mwingine.

2021 walimpa namba kotabeki DJ Uiagalelei. Mechi ya kwanza tu Georgia waliwafunga 10-3 na dogo akaangushwa na mpira mkononi mara 7. Alimaliza msimu na tachidauni 9 za kurusha (pasi zilizofikisha mpira mwisho wa uwanja kwa alama) dhidi ya intasepsheni 10. Kocha Dabo Swinney hakumtoa. 2022 namba zikapanda, tachidauni 22 kwa intasepsheni 7, mkasema uvumilivu umelipa. Halafu ikaja South Carolina mwezi Novemba: pasi 8 zilizofika kati ya 29, yadi 99, kipigo cha 31-30. Wiki iliyofuata, fainali ya ligi yao ya ACC dhidi ya North Carolina, akapewa mashambulizi mawili tu kisha akaingia Cade Klubnik, mwaka wa kwanza chuoni, akafikisha pasi 20 kati ya 24 kwa yadi 279. Clemson 39, North Carolina 10.

Hapo ndipo mlipojifunza somo lenu la kuketisha watu. Lakini mbona mnanyamaza kuhusu kilichofuata? Huyo huyo Klubnik 2023 alianza kwa kufungwa na Duke 28-7, timu ikaishia 9-4, na nyuzi za humu zilikuwa zile zile, jina tu limebadilishwa. 2024 akaanza kwa kuchapwa na Georgia 34-3. Mkamzika kabisa. Akamaliza msimu huo na tachidauni 36, intasepsheni 6, ubingwa wa ACC na tiketi ya mchujo wa taifa.

Kocha mmoja, uvumilivu ule ule, matokeo tofauti. Kwa nini? Klubnik wa 2024 alikuwa mwaka wa pili mfululizo chini ya kocha yule yule wa mashambulizi, Garrett Riley, na walikuwa wameongezwa marisiva (wapokea pasi) chipukizi wawili wanaojua kupasua ulinzi, Bryant Wesco na T.J. Moore. Yaani kuna kitu kilibadilika kumzunguka. Uvumilivu ambao hakuna kinachobadilika ndani yake ni kupoteza muda, na hapo nakubaliana na wapiga kelele. (Na ndiyo, 2025 Clemson walianguka vibaya huku Klubnik akiwa mkubwa. Sikusema kijana akiiva haozi.)

Sasa namna ya kuangalia. Tafuta mkanda wa kamera ya juu unaoonyesha wachezaji wote 22. Picha ya kawaida ya televisheni inaficha marisiva wakishakwenda mbali, kwa hiyo huwezi kujua nani alikuwa wazi. Chukua daftari, chora safu tano, na kila mara kotabeki anaporudi nyuma kurusha, jaza.

Ya kwanza ni ulinzi wake, yaani wenzake wanaomkinga: zilipofika sekunde 2.5 tangu snapu (senta kumrudishia mpira kuanza mchezo), alikuwa bado amesimama salama? Kama hapana, acha safu nyingine zote tupu, huo si mzigo wake. Isipokuwa kama aliyemfikia ni mtu wa ziada ambaye yeye mwenyewe alipaswa kumwona kabla ya snapu. Kwenye timu nyingi senta na kotabeki ndio wanaoonyesha lainbeka (mlinzi wa safu ya pili ya wapinzani) yupi ahesabiwe kama wa kati, na laini yote inageuka kufuata hesabu hiyo. Wakikosea mtu mmoja, anakuja mtu bila kuguswa. Usisahau pia kwamba tangu 2024 kocha anazungumza na mchezaji kupitia kofia, lakini sauti inakatwa saa ya mchezo ikibaki na sekunde 15. Baada ya hapo dogo yuko peke yake, na ugenini kelele za watu laki moja zinamlazimu aanzishe kwa ishara badala ya sauti.

Ya pili, miguu. Hapa ndipo penye utajiri na ndipo msipoangalia kabisa. Mpira ukipaa juu ya kichwa cha risiva, mara nyingi uzito umebaki mguu wa nyuma, kwa sababu kotabeki anaogopa kupigwa na hataki kukanyaga mbele. Mpira ukienda pembeni upande wa mkono wake wa kurushia, bega la mbele limefunguka mapema. Mpira ukichelewa na ukafika chini, alisimama wima miguu imekufa, kisha akarusha kwa mkono mtupu. Hayo yanarekebishika mazoezini kama sababu ni mazoea. Kama sababu ni woga ulioletwa na mechi nne za kuangushwa ovyo, tengeneza laini kwanza, miguu itarudi yenyewe.

Ya tatu, macho. Je, alimtazama risiva wa kwanza mpaka mwisho? Seifti (mlinzi wa nyuma kabisa wa wapinzani) wa chuo kikubwa anafuata macho. Kotabeki akimkazia macho mtu mmoja, seifti anaanza kukimbia kabla mpira haujatoka, na hiyo ndiyo intasepsheni ya katikati ya uwanja mnayoiita "bahati mbaya". Ya nne, uamuzi: mtu sahihi alikuwa nani kwa ulinzi ule? Ya tano ni matokeo, na ni ya mwisho kwa makusudi. Pasi sahihi iliyodondoshwa na risiva ni alama nzuri. Pasi ya kijinga iliyookolewa na kifua cha risiva ni alama mbaya hata ikiwa tachidauni.

Na acheni kunukuu "dogo kakimbia mara 10 kwa hasi yadi 14". Kwenye takwimu za vyuo, yadi za kuangushwa akiwa anataka kurusha zinakatwa kwenye mbio zake. NFL, ligi ya kulipwa, hawafanyi hivyo. Hujui hilo, usilete takwimu.

Ukijaza mechi tatu hivyo, utaona picha. Makosa yakiwa yanabadilika, wiki hii kadanganywa na blitzi ya kona (mlinzi wa pembeni anayemvamia ghafla), wiki ijayo kaimaliza blitzi hiyo hiyo lakini kanaswa na kitu kipya, huyo anajifunza. Mwacheni. Kosa likiwa lile lile, kwa ulinzi ule ule, kwenye dauni ya tatu na yadi 8 (jaribio la tatu, zimebaki yadi 8), mwezi wa pili sasa, na kocha wa mashambulizi habadilishi chochote, hapo ndipo mjadala wa benchi unaanza.

Unaanza tu, maana swali linalofuata ni nani yuko nyuma yake. Oklahoma 2021 walikuwa nyuma 28-7 dhidi ya Texas, wakamtoa Spencer Rattler wakamwingiza Caleb Williams. Mara yake ya kwanza kushika mpira siku ile, dauni ya nne na yadi moja, alikimbia yadi 66 mpaka mwisho, na wakashinda 55-48. Sawa, lakini huyo ni Caleb Williams, aliyechukua Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, mwaka uliofuata akiwa USC. Timu yako ina Caleb Williams kwenye benchi? Na Rattler mnayemwona ni takataka alihamia South Carolina, na ndiye aliyekuwa upande wa pili siku Clemson walipofungwa 31-30.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Alabama 2023. Jalen Milroe alitoa intasepsheni mbili wakifungwa nyumbani na Texas 34-24. Kocha Nick Saban akamketisha mechi moja. Dhidi ya South Florida walicheza wengine wawili, wakashinda 17-3 kwa taabu, na wao pia wakawa wanaangushwa kila mara. Jibu likapatikana: ugonjwa ulikuwa mbele, kwenye laini. Milroe akarudishwa wiki iliyofuata, wakachukua ubingwa wa ligi yao ya SEC kwa kuwafunga Georgia 27-24. Hiyo benchi ilikuwa kipimo. Benchi yenu ni hasira.

NYONGEZA, kwa wadau waliochangia:

@mkuu uliyesema wapishane, huyu shambulizi hili, yule lile: NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, inaruhusu saa 20 za shughuli za timu kwa wiki wakati wa msimu, zikiwemo vikao na gym. Mizunguko ya mazoezi ya kikosi cha kwanza iliyobaki ni michache. Ukiigawa nusu kwa nusu, hakuna kati yao atakayejua risiva wake anakata kona kwenye hatua ya ngapi. Utapata makotabeki wawili nusu nusu.

@dada uliyeuliza kuhusu kumchezesha wa mwaka wa kwanza "aonje": inawezekana, sheria ya 2018 inamruhusu kucheza mpaka mechi nne bila kupoteza mwaka mmoja wa miaka anayoruhusiwa kucheza. Kwa hiyo kocha mwenye akili anazipanga. Ukizimaliza Septemba kwa sababu mashabiki wamezomea, Novemba dogo wa kwanza akiumia huna akiba.

@ndugu yangu wa "akiondoka aende tu": kotabeki Kyle McCord aliondoka Ohio State baada ya intasepsheni ya mwisho dhidi ya Michigan. Mwaka uliofuata akiwa Syracuse alirusha yadi 4,779, za kwanza nchi nzima. Ohio State hawakujuta, walibeba ubingwa wa taifa na Will Howard. Ila wao walikuwa na uwezo wa kumleta Howard. Chuo chako cha ushindi sita kwa mwaka kitamleta nani, kwa pesa ya nani?

Anayetaka kuendelea kubishana alete mechi, robo, dauni na yadi, aseme safu ipi kati ya zile tano dogo alifeli. Wa "hana kitu" sijibu tena.